Wajumbe wapya wa bodi ya shule, someni kabla ya kupitisha

Kila kipindi kipya cha miaka mitatu kikianza, nawaona wajumbe wapya wakiingia kwa moto uleule. Huyu anataka kukagua walimu madarasani, yule anataka mwalimu mkuu ahamishwe, na wa tatu ana shemeji mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nawapenda kwa ari yao, maana kazi hii haina mshahara na wengi wakitajiwa huikimbia. Lakini jamani, makosa ni yaleyale na anayeumia ni mtoto.

1. Kutafuta kura. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 imewapa wazazi viti sita. Vilivyobaki vina wenyewe, kuanzia walimu na mfadhili hadi Bodi ya Elimu ya Kaunti. Usiahidi kuleta walimu. Walimu ni wa TSC, tume ya kuwaajiri walimu, na bodi huajiri wa ziada ikiwa tu ina pesa za kuwalipa. Ahidi kuuliza hesabu na kurudi kuwaeleza wazazi, basi.

2. Kumbukumbu za mkutano. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mnapoangukia.

Kuna shule moja upande wa bara ambayo bodi yake mpya ilikuwa kwenye kikao cha pili. Kumbukumbu za kikao cha kwanza zikagawiwa pale pale mezani, chai ikiwa tayari imemiminwa. Mwenyekiti akauliza kama zinathibitishwa. Mmoja akapendekeza, mwingine akaunga mkono, hakuna aliyefunua ukurasa. Kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya mengineyo, palikuwa na mstari kwamba bodi imekubali kila mzazi achangie madawati na maji ya lori. Jambo hilo halikuwa limezungumzwa kabisa.

Haukupita muda, watoto wakaanza kurudishwa nyumbani. Mama mmoja auzaye mahamri alimwendea yule mjumbe aliyeunga mkono, mkononi ana kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye daftari: kiasi alicholipa na sahihi, bila mhuri wala jina la shule. Alikuwa amelipa nusu tu. Akamuuliza, "Mwanangu, si wewe tuliyekuchagua? Mbona mtoto wangu yuko nyumbani?" Mjumbe alinipigia simu usiku akisema hakukubali kitu kama hicho. Nikamwambia jina lake limeandikwa.

Sheria iko wazi. Shule ya umma haitozi mchango wowote bila idhini ya Waziri wa Elimu, naye hushauriana kwanza na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Hakuna mtoto wa kufukuzwa kwa kukosa kulipa, na anayepokea pesa lazima atoe risiti rasmi. Ilibidi kiitwe kikao maalumu kufuta azimio hilo, na watoto wakarudi. Masomo waliyokosa hayakurudi. Hadi leo nikiona chai inatangulia karatasi, nakasirika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la bodi ni kumbukumbu zake. Dai uletewe wiki moja kabla. Zikiletwa mezani, omba muda wa kusoma, hata wenzako wakinuna.

3. Zabuni. Ukiwa na jamaa anayetaka kazi ya shule, sema mapema, iandikwe, kisha utoke chumbani.

4. Mwalimu mkuu ni katibu wa bodi. Si karani wako, wala si adui yako. Malalamiko ya mzazi mpelekee kwanza ofisini mwake, si barazani kwenye kahawa.

5. Darasani waachie walimu. Yenu ni majengo, pesa na ardhi. Chumvi ya bahari hula mabati na misumari, kwa hiyo lizungukeni paa kabla ya masika, mtazame pia vyoo vya wasichana kama vina komeo na maji. Na kikao cha kwanza kabisa ulizeni hati ya ardhi iko wapi. Pwani hii shule nyingi zimekaa miaka bila hati, ukuta ukianguka jirani anajengea upande wa ndani. Tembeeni mpakani na mzee anayezijua bikoni, yaani alama za mpaka, mchore ramani hata ya mkono. Mkijibiwa kwamba hati inashughulikiwa, ombeni nambari ya faili, iandikwe kwenye kumbukumbu, na kikao kinachofuata iwe ajenda ya kwanza.