Nilivyoua EL34 nne, na ninavyozitunza sasa

Kuna mwaka niliua valvu nne za EL34, zile taa za kioo zinazokuza sauti kwenye amplifaya yangu, mbili mbili, na mara zote lawama nikazitupia valvu zenyewe, eti siku hizi hazitengenezwi kama zamani. Mpaka usiku mmoja nimezima taa nasikiliza zangu muziki, natupa jicho kwenye amplifaya naona lile bamba la ndani ya valvu moja limekuwa jekundu kama kaa la moto. Nilikurupuka kuchomoa plagi utafikiri nyumba inaungua.

Hapa tuelewane kidogo. Ule mwanga wa rangi ya chungwa unaochungulia katikati ni hita, inayoipasha valvu moto, hauna shida, na ule ubluu ubluu unaochezacheza kwenye kioo nao hauna neno. Ila anodi, lile bamba la nje, likianza kuiva jekundu, zima hapohapo, usisubiri wimbo uishe. Dakika chache tu zinatosha kuimaliza.

Kwangu mchawi alikuwa kapasita, ile inayounganisha valvu ndogo na kubwa. Imezeeka, inavujisha DC (umeme usiogeuka mwelekeo), gridi, yaani ule wavu wa ndani unaozuia mkondo, inapoteza volti zake hasi, basi valvu inapitisha umeme kama bomba lililokatika koki. Kapasita kadogo vile kamenilia valvu nne! Kwa hiyo valvu ikifa mapema usikimbilie kuchomeka nyingine, utaiua na hiyo, tafuta kwanza kilichoua ya mwanzo.

Halafu bayasi, yaani kupanga mkondo unaopita kwenye valvu hata muziki ukiwa kimya, na hapa ndo watu wengi wanajimaliza wenyewe. Anodi ya EL34 inabeba wati 25, mimi naishia asilimia 70 tu, yaani wati 17.5. Anodi yangu ina volti 450, ukigawanya unapata kama miliampia 39 kwa kila valvu. Kila kathodi, ile sehemu ya katikati inayopashwa na hita, ina rezista ya omu 1 kwa hiyo milivolti moja kwenye mita ni miliampia moja, rahisi kabisa. Wapo wanaopandisha hadi 50 eti ndo sauti inanoga, mi nimejaribu, tofauti niliyoisikia ni ya joto tu. Kama amplifaya yako inajiwekea bayasi yenyewe, hii ruka. Na kama hujawahi kushika mita mpe fundi, kwa sababu hizo volti 450 zinaua mtu, na kapasita za pawa zinabaki na chaji hata ukishazima.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia ni umeme wa ukutani. Transfoma ikiwa imepangwa kwa volti 220 na ukutani zinatoka 240, hita iliyotakiwa kupata 6.3 inapata karibu 6.9, hiyo tayari iko ukingoni, kathodi inaliwa polepole na anodi nayo volti zake zimepanda. Transfoma nyingi zina waya wa 240, hamishia huko, kazi ya nusu saa.

Joto sitalisemea sana, we iache amplifaya ipumue, usiifungie kabatini wala kuweka kitu juu yake. Usiiwashe bila spika, hilo linaua mpaka transfoma ya kutolea sauti. Na ukizima usiihamishe ikiwa ya moto, vyuma vya ndani vikiwa moto ni laini, mtikisiko mdogo tu vinaachia.

Watu wananiuliza niizime au niiache. Mimi nikiondoka zaidi ya saa moja nazima. Ile swichi ya kusubiri (standby), inayoacha hita tu ziwake, siiachi hivyo masaa na masaa, hita zikichemka muda mrefu bila mkondo kupita, kathodi inachakaa.

Valvu ndogo kama 12AX7 mziache jamani, hizo zinaenda masaa elfu nyingi, ukibadilisha kubwa si lazima ubadilishe na ndogo. Sauti ikikwaruza mara nyingi ni miguu ya valvu ina uchafu, safisha miguu na soketi kwanza. Ila ukiona ile rangi ya fedha juu ya kioo imekuwa nyeupe, hewa imeshaingia, hiyo tupa.

Seti niliyonayo sasa imeshapita umri wa zile nne zote. Juzi nimepima nikakuta moja imesogea mpaka 44, nikairudisha 38, nikaisubiri nusu saa itulie nikapima tena. 39. Nikafunga kifuniko.