Furu watatu juu ya jiwe

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma Jumapili baada ya ibada, nikaurudia tena jioni. Umeniambia mjukuu wangu anajifunza kuogelea kwenye bwawa la hoteli huko Dodoma, mwalimu akawataka na wazazi waingie majini, wewe ukabaki pembeni umeshika mkoba. Ukaniuliza: "Mama, mimi nimezaliwa Igombe, hatua chache tu toka Ziwa Victoria. Kwa nini hukunifundisha kuogelea?"

Ningeweza kukujibu kwa neno moja: kichocho. Unakumbuka ulivyougua darasa la kwanza, na ulikipata kwa kuchota maji tu. Au ningekujibu MV Bukoba, ile meli iliyozama. Tarehe 21 Mei 1996 ulikuwa na miaka saba, na mtaani kwetu matanga yalipokezana nyumba hadi nyumba. Baada ya hapo mama gani wa Mwanza angemwachia mtoto maji? Hayo yote ni kweli. Lakini jana nikiwa napepeta mchele nimejiambia, mbona miaka saba ulikuwa umeshaifikisha? Mimi kwa umri ule nilikuwa nayazunguka mawe yote ya pale kwetu kwa kuogelea, na babu yako amekaa kwenye mtumbwi ananihesabia.

Babu yako hakufundisha kuogelea peke yake. Alifundisha majina. Ukitoka majini anakuuliza umeona nini, na ukisema "samaki" anakurudisha. Ngege, mbiru, ningu, gogogo, domodomo, kambale, kamongo. Mtu ajue jina la anachokula, ndivyo alivyosema, na mimi nimelirithi neno hilo hata mnalichoka. Ningu tuliwangoja wakati wa mvua, wakipanda mtoni kutaga. Furu, wale samaki wadogo, ndio walikuwa wa sisi watoto, kwa ndoano na nyungunyungu, pale kwenye mawe. Siku moja alitoa furu jike kwenye wavu, shavu limemvimba. Akamlaza kiganjani mwake, akamfungua kinywa kwa ncha ya ukucha, wakamwagika vitoto kama punje za mtama, wenye macho. Akanionyesha, kisha akatumbukiza kiganja majini polepole. Wakatulia kidogo, wakarudi mmoja mmoja kinywani mwa mama yao. Sijaona tena kitu kizuri kama kile, na nimezaa watoto wanne.

Mwishoni mwa miaka ya 70 walikuja Waholanzi, watafiti wa furu. Watu waliwacheka, furu ni wa kutafiti? Leo inakadiriwa ziwa zima lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, na wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Babu yako hakucheka. Alisema hata wao wanataka majina.

Sangara wa kwanza aliingia kwetu 1983. Bibi yako alimkatakata kama ngege, akambandika, mafuta yakajaa juu ya sufuria kama ya nyama ya mafahali. Hatukumla. Nilikuja kusoma baadaye kwamba sangara walitolewa Ziwa Albert, wakatiwa humu upande wa Uganda miaka ya 1950. Wakakaa kimya muda mrefu, kisha wakajaa ghafla, na furu wakaenda hivyo hivyo, ghafla. Nyavu za babu zilianza kurudi na samaki wa aina moja. Mwaka uliofuata tukamzoea. Tulijifunza kumbanika, maana kwa mafuta yale haanikiki juani kama furu, anataka kuni. Miti ya kilima cha nyuma ya shule ndiyo iliyokwenda hapo, usije ukadhani kilizaliwa kipara.

Sasa hili ndilo nililotaka kukuandikia, na sijamwambia mtu.

1993 nilikuwa nafanya kazi kiwandani, kukata minofu. Unajua hayo. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, kinachobaki ni kichwa na mgongo, mapanki, wafanyakazi tunauziwa kwa bei ya kutupa. Jioni moja nilirudi na mfuko wa mapanki, nikayakaanga, nikamtengea babu yako na ugali. Alitazama sahani kwa muda. Akasema, "Mwanangu, mimi ni mvuvi. Mifupa hii ni ya samaki wa nani?" Nilikuwa nimesimama toka alfajiri kwenye maji ya barafu, vidole havikunjiki, na ada ya kaka yako haijalipwa. Nikamjibu, mbele ya bibi yako, mbele yako wewe uliyekuwa na miaka minne: "Basi kavue hao furu wako."

Alinawa mikono. Hakula. Usiku nilisikia mlango.

Asubuhi nilikuta furu watatu wamepangwa juu ya lile jiwe bapa tulikokuwa tunaanikia. Mmoja alikuwa dume, mkia mwekundu, na pezi la chini lina yale madoa ya njano kama vijiyai. Wamepangwa kwa ukubwa. Mzee wa karibu miaka 70 alikuwa amekesha kwenye mawe na ndoano ya kitoto, kwa sababu alijua waliosalia wamejificha huko. Aliketi kibarazani anafunga ndoano kwenye kijiti, hakunitazama. Niliwakaanga, nikakupa wewe. Ulitema, ukalia miiba, ukaniomba "samaki wa mfuko".

Hapo, mwanangu, ndipo nilipokata shauri bila kujua kwamba ninalikata. Niliona aibu ya kukupeleka majini na kukuuliza umeona nini. Ningekufundisha majina ya nani? Au pengine najipamba tu, nilikuwa nimechoka, na mama aliyechoka hafundishi kitu. Bibi yako angesema ni uvivu. Lakini uvivu haukumzuia mtu kukufundisha kusuka mkeka, na mkeka ni kazi kubwa kuliko kuogelea.

Usinielewe kwamba nawalaani sangara. Mimi nilisomeshwa na ngege, wewe umesomeshwa na sangara, mpaka hiyo shahada yako. Mumeo aliniuliza Krismasi iliyopita, samaki yule ni baraka au ni laana, na ulimi ukawa mzito. Nikifikiria ada nasema hivi, nikifikiria sahani ile nasema vile. Leo bondo la sangara, kile kifuko cha hewa cha tumboni mwake, lina bei kuliko samaki mwenyewe, vijana wa hapa wanajenga nyumba, wengine wamechukua mikopo ya vizimba wanafuga sato. Siwezi kusimama mbele yao na kutoa hukumu. Niache hapo, ingawa najua ninachokiamini nikiwa peke yangu.

Furu wameanza kuonekana tena. Si aina zote, wala hazikaribii, lakini wavuvi wa dagaa wanawakuta kwenye nyavu zao usiku wa giza, na wanaanikwa pamoja na dagaa. Nikipita hushika mmoja mmoja kutazama mkia. Lile jiwe, maji yalilifikia 2020 ziwa lilipopanda, na 2024 yakarudi tena. Sasa wimbi linalilamba.

Mjukuu wangu nilimuuliza kwenye simu amekula nini, akanijibu "samaki". Nikamuuliza samaki gani, akasema "wa kukaanga". Sikumlaumu, wala wewe sikulaumu. Ila mtu ajue jina la anachokula.

Desemba mkija, mwache aje na kaptula ya kuogelea. Nimeshapata kijana wa jirani wa kutuchimbia nyungunyungu. Vidonge vya kichocho nitamuuliza daktari wa zahanati mapema, tusikurupuke. Na wewe lete kaptula yako. Nina miaka 64, goti la kushoto haliko sawa, lakini kiuno cha mtu mzima bado naweza kukishika majini asizame. Tutaanzia upande wa mawe, ambako maji ni ya kifuani, asubuhi kabla upepo haujaamka.

Mama yako