Kabla hujapuliza filimbi, hakikisha umri

Wadogo zangu mnaoanza kukusanya data za michezo na makuzi ya watoto huku Nyanda za Juu Kusini, dodoso msiliogope sana. Ogopeni umri.

Shule yangu ya kwanza ilikuwa Makete, mwezi wa saba, watoto wa darasa la tano wamejikunyata ndani ya masweta. Umri nikaunakili kutoka daftari la darasa, nikaendelea kupima. Usiku napitia orodha, naona karibu nusu yao wamezaliwa Januari mosi. Kumbe asiye na cheti alijaziwa hivyo siku ya kuandikishwa. Sasa, viwango vya WHO, Shirika la Afya Duniani, vya mwaka 2007 vinalinganisha urefu na umri mwezi kwa mwezi. Ukimwongezea mtoto wa Oktoba miezi tisa isiyo yake, umemdumaza kwa kalamu. Na kosa hilo huku halimshtui mtu: Iringa, kwa utafiti wa kitaifa wa 2022, zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Msimamizi ataona namba kubwa, atatikisa kichwa, atasaini.

Siku hizi naanza na kadi ya kliniki. Isipopatikana namwuliza mama: alizaliwa mkipanda mahindi au mkivuna? Inachosha, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Vibali mnavijua: barua ya chuo, mkoa, halmashauri, afisa elimu kata, ndipo mwalimu mkuu. Ila msiende wakati wa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, mwalimu wa michezo hamtamkuta.

Mbio za mita 20 kwenda na kurudi, za kupima pumzi, nazo zina vituko. Mtoto anakimbia akifuata mlio wa kispika: unaanza kwa mwendo wa kilomita 8.5 kwa saa, kila dakika unaongezeka 0.5. Mimi nilipeleka kispika kidogo, upepo ukakimeza. Watoto kumi wakawa wanamfuata mrefu mmoja aliye mbele. Alipokata pumzi, wenzake tisa wakakaa chini naye. Nikarudi na data ya mtoto mmoja iliyoandikwa mara kumi. Bebeni spika ya maana. Na wote wakimbie peku au wote na viatu, mwenye raba asishindanishwe na mwenye kandambili.

Ulizeni pia asubuhi ya mtoto ilikuwaje. Mmoja niliyemwandika "dhaifu" alikuwa ameshapanda kutoka mtoni na ndoo mara mbili kabla ya kengele, tena bila uji. Fomu yangu haikuwa na pa kuweka hilo. Nililiandika pembeni kwa penseli.