Kuzimua rangi ya akriliki kwa eabrashi: achana na hesabu ya matone

Wanaoanza kupuliza rangi kwenye modeli ndogo kwa eabrashi, yaani kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa, huuliza jambo moja: matone mangapi ya rangi kwa matone mangapi ya tina, yaani kimiminika cha kuzimulia? Mimi sitoi namba. Kipimo kinachoifaa nyeusi huweza kukukwamisha ukitumia nyeupe, ambayo ni sumbufu kuliko rangi zote na hupenda kuziba nozeli, tundu la kutolea rangi. Hata ndani ya kampuni moja mambo hutofautiana: Vallejo Model Color imetengenezwa kwa brashi ya mkono, ni nzito, ilhali Model Air inatoka kiwandani ikiwa imeshazimuliwa. Hata hiyo huwa naiongezea tone la tina.

Tazama ukuta wa kikombe cha kuchanganyia. Changanya rangi pembeni, si ndani ya eabrashi, kisha ipandishe kidogo ukutani kwa brashi kuukuu na uiache iteremke. Ikijivuta na kuacha utando mzito, ongeza tina. Ikikimbia yote na ukuta ukabaki mtupu, umezidisha. Iliyo sawa huteremka kama maziwa, ikiacha nyuma yake utando mwembamba unaoruhusu ukuta kuonekana. Halafu ijaribu kwenye kijiko cha plastiki kilichopakwa praima (rangi ya msingi). Karatasi inanyonya maji, kwa hiyo itakufichia kasoro.

Tina nayo ina wenyewe. Rangi za akriliki za Tamiya zinapatana vizuri na alkoholi ya isopropili. Ukiitia alkoholi hiyo hiyo kwenye Vallejo, rangi huweza kuganda mabonge na utashinda ukisafisha sindano iliyo ndani ya eabrashi. Maji matupu hayaharibu rangi za Vallejo, ila hupenda kujikusanya matone juu ya plastiki badala ya kutandaa. Usipokuwa na uhakika, tumia tina ya kampuni iliyotengeneza rangi yako.

Kabla ya kumimina rangi, tia matone machache ya tina kwenye kikombe cha eabrashi, ili rangi nzito isitangulie kukaa kwenye njia ya sindano.

Kwa nozeli ya milimita 0.3, mimi huanza na presha ya hewa ya psi 15 hadi 20 (psi ni kipimo cha presha). Rangi ikitawanyika kama miguu ya buibui, ni nyepesi mno kwa presha hiyo, au umesogea karibu mno, au umevuta kifyatulio kupita kiasi. Punguza presha kwanza. Uso ukitoka na vumbivumbi, rangi inakauka hewani kabla ya kufika: sogea karibu, au tia tone la kichelewesha ukaukaji. Rangi ikianza kukatika-katika, angalia ncha ya sindano. Mara nyingi kuna kidonge kikavu, nacho hutoka kwa pamba ya masikio iliyoloweshwa tina.

Tabaka la kwanza litakuwa hafifu hadi utamani kuongeza papo hapo. Liache likauke, ndipo upulize la pili. Barakoa vaa hata kama rangi haina harufu, maana ukungu ule unaingia mapafuni vilevile.