Miezi Mitano Niliyoacha Dawa za Presha

Niligunduliwa kuwa na shinikizo la juu la damu mwaka 2018, nikiwa bado mwalimu wa shule ya msingi hapa Uyole, Mbeya. Mashine ilisoma 172 kwa 98. Nikaandikiwa amlodipini ya miligramu 5 kila siku, na baada ya miezi miwili presha ikashuka hadi 126 kwa 78. Nilimshukuru Mungu, kisha nikafanya kosa ambalo nimeliona kwa watu wengi wa rika langu: nikajihesabu nimepona. Vidonge vilipokwisha sikurudi kliniki. Nilikaa miezi mitano bila dawa, na katika miezi yote hiyo kichwa hakikuniuma, sikusikia kizunguzungu, na kilima cha kwenda shambani nilikipanda kama kawaida yangu.

Kilichonirudisha hospitali ni macho. Nilikwenda kupimwa miwani ya kusomea, na daktari, baada ya kunitia matone ya kupanua mboni na kunimulika kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akaniuliza, "Mwalimu, una presha?" Nikamjibu kwamba nilikuwa nayo zamani. Akachukua karatasi akachora mishipa miwili inayokatizana, mmoja ukileta damu kutoka kwenye moyo na mwingine ukiirudisha, akanionyesha jinsi ule wa kwanza ulivyonenepa ukuta na kukakamaa hadi unambana mwenzake pale unapopita juu yake. Aliniambia kwamba nyuma ya jicho daktari huweza kuiona mishipa midogo ya damu kwa macho yake mwenyewe bila kupasua popote, na kwamba mishipa ikiwa hivyo kwenye jicho, ni lazima tuwe na wasiwasi na ile ya kwenye figo na kwenye ubongo. Presha yangu siku hiyo ilikuwa 184 kwa 102.

Karatasi ile ninayo hadi leo, imebandikwa ndani ya jalada la daftari langu la kliniki, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha jambo ambalo natamani kila anayemeza dawa za presha alijue mapema. Namba inayosomwa kwenye mashine ni ya dakika ile tu, ilhali ukuta wa mshipa umebeba miaka yote iliyopita. Moyo hupiga karibu mara 100,000 kwa siku, na kila pigo huutanua mshipa mkubwa ambao, ukiwa mzima, hujivuta na kurudi mahali pake. Presha ikikaa juu kwa muda mrefu, nyuzi laini zinazovutika ndani ya ukuta huo huchoka na kukatika, na nafasi yake huchukuliwa na nyuzi ngumu za kolajeni, hata mshipa ukawa kama mpira wa kumwagilia ulioachwa juani kiangazi kizima. Mshipa mgumu hauwezi tena kulipokea pigo la moyo kwa ulaini, kwa hiyo namba ya juu hupanda na namba ya chini hubaki palepale au hata hushuka. Ndiyo maana mtu wa umri wangu anapaswa kutazama pia tofauti ya namba hizo mbili: kwa mtu mzima wa makamo kwenda uzeeni, tofauti ya 60 au zaidi ni ishara kwamba mishipa mikubwa imekakamaa. Mwenye 158 kwa 82 huambiwa mara nyingi kwamba "ya chini ni nzuri", akaondoka ametulia, wakati tofauti yake ni 76.

Dawa huishusha namba katika wiki chache, lakini ukuta wa mshipa hautengenezeki kwa kasi hiyo, na si kila dawa huutendea sawa. Upo utafiti mmoja mdogo uliofanyika Montreal, Kanada, ukachapishwa mwaka 2000, ambao huwa naukumbuka kila ninapotamani kuruka kidonge. Wagonjwa waligawanywa, baadhi wakapewa losatani na wengine atenololi kwa mwaka mzima. Presha ilishuka kwa makundi yote mawili, lakini mishipa midogo ya waliotumia losatani ilirudi kuelekea hali ya kawaida, wakati ya wale wa atenololi haikubadilika. Nasema hivi kwa tahadhari kubwa, kwa maana simshauri mtu yeyote aitupe atenololi yake kesho asubuhi. Kuikatisha ghafla dawa hiyo kunaweza kuuyumbisha moyo vibaya, na wapo wagonjwa wanaoihitaji kwa sababu nyingine kabisa. Ninachotaka uchukue hapo ni kwamba mshipa ulitibiwa kwa mwaka mzima wa kumeza dawa bila kukatiza, wala si kwa mwezi mmoja wa namba nzuri.

Watu huniuliza presha ishuke hadi wapi. Lengo la kawaida kwa mtu aliye kwenye matibabu ni kuwa chini ya 140 kwa 90, na kwa wengi wetu tulio na hatari zaidi, kama wenye kisukari au ugonjwa wa figo au wa moyo, namba ya juu inatakiwa iwe chini ya 130 ikiwa mwili unavumilia. Mwaka 2015 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uitwao SPRINT, uliohusisha watu 9,361, ambao ulionyesha kwamba waliolenga chini ya 120 walipata matatizo ya moyo na vifo pungufu kuliko waliolenga chini ya 140. Hata hivyo walipata zaidi presha ya kushuka kupita kiasi, kuzirai na matatizo ya figo, na utafiti huo haukuwachukua watu wenye kisukari wala waliowahi kupata kiharusi. Lengo lako lipange na daktari wako, na ukiona kizunguzungu kila unapoinuka kitandani, mwambie kabla hujapunguza dozi mwenyewe.

Sasa nije kwenye vipimo, kwa sababu huku kwetu nyanda za juu vinaharibika kwa namna yake. Mwezi Juni na Julai, asubuhi ya Uyole ikiwa chini ya nyuzi 10, kila mtu amevaa sweta na koti. Katika kituo kimoja nilichowahi kupimwa, mkanda wa mashine ulifungwa juu ya sweta langu la sufu, huku nimesimama, dakika moja baada ya kushuka bodaboda, na muuguzi akiniuliza habari za wanangu. Iliandikwa 161, na ikakaribia kuniongezea dozi. Namba ya haki hupatikana ukiwa umekaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili ziko chini, mkono uko wazi bila nguo na umepumzishwa usawa wa moyo, kibofu kitupu, na bila chai ya rangi kali wala kahawa wala sigara katika nusu saa iliyotangulia. Pima mara mbili, uache dakika moja au mbili katikati. Kliniki ya mwanzo omba upimwe mikono yote miwili, kwa kuwa tofauti inayozidi 10 hadi 15 kati ya mkono na mkono, ikijirudia, yaweza kuonyesha mshipa uliosinyaa upande mmoja. Ukijaliwa mashine ya nyumbani, kumbuka kwamba nyumbani mpaka wa presha ya juu ni 135 kwa 85. Baridi yenyewe nayo hubana mishipa ya ngozi na kupandisha presha kidogo, kwa hiyo mimi hupima ndani, karibu na jiko, nikiwa nimeshapata joto, na katika daftari naandika pia mwezi, ili daktari asione namba za Julai akadhani dawa imeshindwa.

Jikoni ndiko nilikopata mshtuko wa pili. Chumvi nilikwisha kuipunguza, nikijua kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai kwa vyote utakavyokula tangu asubuhi hadi usiku. Lakini maharage yangu nilikuwa nayapika kwa magadi, kama mama yangu alivyopika na kama nilivyowafundisha binti zangu, na mboga za majani vilevile ili zilainike na zibaki kijani. Magadi ni chumvichumvi za sodiamu. Sodiamu ni ileile iliyomo kwenye chumvi ya kawaida, inayoubakiza mwili na maji na kuipandisha presha, ila magadi hayana ladha ya chumvi ulimini, kwa hiyo mtu anayahesabu kuwa si kitu. Mimi nilikuwa natia kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba kwenye sufuria moja ya maharage. Siku hizi nayaloweka usiku kucha, asubuhi namwaga maji, nayapika kwa maji mapya na moto wa taratibu. Yanachukua muda zaidi na mkaa zaidi, siwezi kuficha hilo, lakini yanaiva. Upande wa pili tumebarikiwa: parachichi za Rungwe na Njombe, ndizi za Tukuyu na viazi vyetu vina potasiamu, ambayo husaidia mwili kutoa sodiamu. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia losatani au enalaprili, nayo pia ni dawa ya presha, amuulize daktari kwanza, kwa sababu kwake potasiamu inaweza kupanda kupita kiasi.

Na wewe unayelima viazi na kurudi na mgongo unaouma, tafadhali sana angalia dawa unazonunua. Diklofenaki na ibuprofeni huufanya mwili ubakize chumvi na maji, hupunguza nguvu za dawa za presha, na zikichanganywa na losatani au enalaprili pamoja na dawa ya kukojoza zinaweza kuziumiza figo. Mtajie muuza dawa dawa zako zote kabla hajakufungia kitu.

Mdogo wangu anaishi Mafinga na anatumia enalaprili pamoja na dawa ya kukojoza. Msimu wa mvua, mianzi inapogemwa, hunywa ulanzi kila mwisho wa wiki, na kwa kuogopa kuchanganya dawa na pombe alikuwa haimezi kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Dawa zake hazikai mwilini siku tatu, kwa hiyo kila wiki mishipa yake ilikuwa inapata siku tatu za presha ya juu, na pombe yenyewe inaongeza. Nilimsihi aende na daftari lake akamweleze daktari ukweli wote bila aibu. Alielezwa kwamba apunguze sana ulanzi, lakini siku yoyote, hata ile aliyokunywa, asiache kidonge. Wiki iliyopita alinipigia simu jioni. "Shikamoo dada," akasema, "sasa nameza asubuhi na chai, kabla sijatoka." Akanisomea namba: 142 kwa 86. Nikamwambia tofauti ni 56, aendelee kumeza bila kuruka kwa kuwa namba ya juu bado haijashuka chini ya 140, na tarehe ya kliniki ikifika aombe apimwe protini kwenye mkojo na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, kisha atafute daktari wa macho ambaye atamtia matone na kumwangalia nyuma ya jicho kama nilivyoangaliwa mimi.