Oili ya pawa stelingi inapungua na usukani unalia: anza hapa

Ndugu, kwa Toyota Mark II GX110 usikimbilie kununua pampu. Injini ikiwa imepoa, osha pampu, paipu na raki (mtambo wa usukani unaogeuza magurudumu) kwa maji ya sabuni na ukaushe. Jaza ATF, yaani oili ya giaboksi ya otomatiki (Dexron II au III), hadi alama ya kopo la oili, washa injini, mtu azungushe usukani huku wewe ukimulika kwa tochi kutafuta panapovuja, mikono mbali na mkanda.

Mara nyingi ni paipu ya kurudisha oili kwenye kopo: mpira umekauka, klipu imelegea. Urefu ukitosha, kata ncha iliyopasuka na uweke klipu mpya. Paipu ya presha ni habari nyingine. Humo presha hupita bar 50, kwa hiyo kipande cha mpira na klipu mbili kitafumuka barabarani. Badilisha paipu nzima pamoja na washa (pete bapa) zake za shaba.

Halafu finya ile mipira yenye mikunjo kwenye ncha za raki. Ukisikia oili ndani, sili za raki (mipira ya kuzuia oili) zimekwisha na dawa ya kumimina ya kuziba uvujaji haisaidii.

Kopo lina povu lakini hakuna tone chini? Pampu inanyonya hewa. Badilisha oringi (pete ya mpira) ya paipu ya kunyonya.

Ukimaliza, toa hewa: nyanyua magurudumu ya mbele, injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani taratibu kutoka mwisho hadi mwisho mara 10 hivi, ukiongeza ATF. Ndipo uwashe, na usishikilie usukani mwisho wa kona zaidi ya sekunde 2 au 3.