Kuomba ubaharia wa kujitolea kwenye yoti: wanachokuuliza kwanza si mafundo ya kamba

Mkuu, umeuliza kama ni kweli wenye yoti, zile boti za tanga za binafsi, huchukua watu wa kuwasaidia kuvuka bahari bila mshahara, na kama Mtanzania asiye na cheti anaweza kupata nafasi. Ni kweli, na cheti si tatizo. Nimesafiri hivyo kutokea Tanga na Kilifi, na wengi niliowakuta botini hawakuwa na karatasi yoyote ya ubaharia.

Kinachomtia nahodha wasiwasi ni pasipoti yako. Boti ikitia nanga nchi nyingine, jina lako limo kwenye orodha ya mabaharia, na uhamiaji watamdai yeye. Ukikataliwa kuingia, au mkikorofishana ukataka kushuka, mzigo wa kukuondoa unaweza kumwangukia. Kwa kawaida hawakufuti kwenye orodha mpaka uoneshe tiketi ya kuondokea au boti nyingine inayokupokea. Kijana wa Kijerumani akikwama Nosy Be, kisiwa cha Madagaska, hupiga simu nyumbani, mambo yakaisha. Sisi tunafikiriwa vingine, si haki lakini ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo mtoe hofu kabla hajauliza. Nahodha mmoja pale Ras Kazone, Tanga, alikuwa kila siku ananijibu "tutaona". Nilipomwonesha viza na tiketi ya ndege inayobadilishika tarehe, alizisoma zote mbili, akazirudia, halafu akanipa kasia twende botini nikajaribishe jaketi la kuokolea.

Chagua njia kwa pasipoti, ndoto zije baadaye. Shelisheli hawatudai viza, ila watataka kuona tiketi ya kutokea na pesa ya kujikimu. Madagaska viza unapata ukifika. Mayotte na Réunion ni za Ufaransa, lakini viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, haikufikishi huko, zina viza yake. Ukitaka kuvuka Atlantiki, kituo ni Las Palmas, Visiwa vya Kanari vya Hispania, ambako kila Novemba boti hujipanga kuelekea Karibi, maili za baharini kama 2,700, wiki tatu hivi. Watu hupita gatini boti kwa boti wakiomba nafasi, na matangazo yamejaa kwenye mbao. Huko Schengen ni lazima.

Kwetu, yoti hupanda na kusi kutoka Madagaska na Komoro, na baadhi hubaki kukwepa msimu wa vimbunga. Pwani yetu huwa na nafuu, ingawa kimbunga Hidaya kilifika hadi Mafia Mei 2024, na tangu kimbunga Chido kiivuruge Mayotte Desemba ya mwaka huo huo hakuna anayefanya mzaha na kalenda. Wafuate wanapofika. Wakianza kung'oa nanga wameshajua wanaondoka na nani. Wakifika wanahitaji dizeli, fundi wa cherehani wa kushona tanga, mtu wa kuwapeleka sokoni. Saidia, ujulikane. Mitandao ya kutafutia mabaharia ipo, lakini jina lako pale ni moja kati ya mamia.

Botini utashika zamu ya usiku, mara nyingi saa tatu tatu, na ukanda wa usalama unaufunga kabla hujatoka chumbani. Vyombo vinaoshwa kwa maji ya chumvi, yasiyo na chumvi ni ya kunywa. Anayeweza kupika wali chombo kimelala upande, na wenzake wanatapika, hukumbukwa safari ijayo.

Chakula mnachangia. Mafuta na ada za bandari mkubaliane mapema, kwa maandishi. Anayekutaka utume pesa ya "usajili" kabla hujaiona boti ni tapeli. Na usione haya kuuliza boya la dharura, lile linalotuma ishara ya kuomba msaada, lilikaguliwa lini, wala kuomba kwanza safari fupi ya kwenda Pemba na kurudi, hasa dada zetu: siku mbili hizo zinatosha kumjua nahodha akikasirika yukoje.

Sema unataka kuelekea upande gani, nami nitakuambia boti za huko huingia wapi.